Kamera ya ndege: Uzito wa lenzi ni bei ya mwanga, si ya umbali

KWA mwongozaji wa watalii anayeingia msitu wa Arabuko-Sokoke alfajiri na kutoka jua la utosi, kila gramu inayoning'inia shingoni ina hesabu yake.

Tayari amebeba darubini, maji, simu na pengine kitabu cha ndege. Akiongeza kamera na lenzi ya kilo nne, hazitapita wiki nyingi kabla hajaanza kuiacha nyumbani, na kamera iliyoachwa nyumbani haijawahi kumnasa ndege yeyote.

Jambo hili si la anasa tu. Kenya ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na sehemu kubwa ya habari kuhusu mahali wanapoishi hukusanywa na wananchi wa kawaida wanaotembea kwa miguu.

Wanaojitolea katika mradi wa Kenya Bird Map, mathalan, hufanya kazi katika miraba iliyochorwa juu ya ramani ya nchi nzima, kila mmoja ukiwa na upana wa takriban kilomita tisa. Orodha kamili ya mraba mmoja hudai angalau saa mbili za kutazama na kusikiliza. Orodha hizo ndizo zinazolinganishwa na atlasi ya kwanza ya ndege wa Kenya, iliyochapishwa mwaka wa 1989, ili kubaini ni ndege gani wametoweka wapi.

Katika kazi kama hiyo, ndege adimu akitajwa mahali asipotarajiwa, neno la shahidi mmoja huzua ubishi. Picha, hata ikiwa mbaya, huumaliza.

Mfano mzuri ni mnana wa Clarke, ndege mdogo wa manjano na nyeusi asiyepatikana kwingine duniani ila Kaunti ya Kilifi. Viota vyake viliwapiga chenga wataalamu kwa miongo mingi hadi vilipopatikana mwaka wa 2013 katika eneo la Dakatcha. Mahali pa aina hiyo hapafikiwi kwa gari lenye dirisha la kuegemezea lenzi. Hufikiwa kwa miguu, na kwa mtu aliye tayari kurudi mara ya pili na ya tatu.

Basi mtu wa aina hiyo, ambaye pengine ameweka akiba mwaka mzima, anunue nini?

Wengi huanza kwa kuuliza lenzi inavuta umbali gani. Huanzia pasipofaa, na hapo ndipo matangazo ya biashara huwanasa. Katika siku hizi, umbali ni kitu rahisi kutengeneza. Kilicho ghali na kizito ni mwanga.

Urefu wa lenzi hupimwa kwa milimita. Kadiri milimita zinavyoongezeka, ndivyo ndege anavyoonekana mkubwa zaidi pichani. Kando ya milimita huandikwa namba nyingine inayotanguliwa na herufi f, kama f/4, f/6.3 au f/11. Namba hii ndiyo inayopuuzwa na mnunuzi mgeni, ilhali ndiyo inayoamua uzito.

Maana yake ni nyepesi. Ukigawanya milimita kwa namba hiyo, unapata kipenyo cha tundu linalopitisha mwanga. Lenzi ya milimita 600 yenye f/4 huhitaji kioo cha mbele chenye upana wa milimita 150, yaani kama sahani ndogo ya kikombe cha chai. Ile ya f/6.3 huhitaji milimita 95 hivi. Ya f/11 hutosheka na milimita 55 tu.

Vioo ni vizito, na kioo kinachoongezwa upana huongezwa unene pia. Ndiyo maana lenzi tatu zenye uwezo uleule wa kuvuta hutofautiana kwa uzito kama ng'ombe, mbuzi na kuku.

Lenzi ya Canon ya milimita 600 f/4 iliyotolewa mwaka wa 2018 ina uzito wa gramu 3,050, na ilisifiwa kwa kuwa nyepesi kwani iliyoitangulia ilikuwa karibu kilo nne. Nikon ilitoa ya milimita 600 f/6.3 mwaka wa 2023 yenye gramu 1,470, pamoja na pete yake ya kufungia stendi. Canon ilikuwa imetoa ya milimita 600 f/11 mwaka wa 2020 yenye gramu 930 pekee.

Ya kwanza hugharimu zaidi ya Sh1 milioni ikiwa mpya. Ya tatu hugharimu sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Zote tatu humleta ndege karibu kwa kiasi kilekile.

Sehemu ya siri ya wepesi wa hizi mbili za mwisho ni kioo maalumu kilichochongwa duara ndani ya duara, badala ya kioo kinene kilichobinuka. Wazo lenyewe ni la zamani: Mfaransa Augustin-Jean Fresnel alitumia vioo vya kanuni inayokaribiana na hiyo katika minara ya kuongozea meli katika miaka ya 1820, kwa sababu kioo kizima cha ukubwa uliohitajika kingekuwa kizito kupita kiasi. Nikon hata imelihifadhi jina lake katika herufi PF zinazoandikwa kwenye lenzi za aina hiyo.

Lakini hakuna cha bure. Lenzi ya f/11 hupokea karibu sehemu moja tu kati ya nane za mwanga unaopokewa na ile ya f/4. Ufukweni saa mbili asubuhi, tofauti hiyo haina madhara makubwa. Chini ya miti ya Kakamega siku ya mawingu, ni tofauti ya kupata picha na kukosa.

Kamera inaweza kufidia upungufu wa mwanga kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuacha tundu wazi kwa muda mrefu zaidi, na ndege asiyetulia atatoka amefifia kama moshi. Ya pili ni kuongeza ukali wa kuhisi mwanga, unaojulikana kwa herufi ISO. Pale ambapo mwenye f/4 angetumia ISO 1600, mwenye f/11 atalazimika kutumia ISO 12800, na picha itajaa chenga kama televisheni yenye antena mbovu.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa mnunuzi si "inavuta wapi?" bali "nitatembea wapi?"

Anayefuata ndege wa majini pale Mida, wa mbugani Nairobi au wa nyanda za Kinangop ana mwanga tele. Kwake, lenzi nyembamba na nyepesi ni chaguo la busara, na anayemshawishi anunue nzito humtwisha mzigo usio na kazi. Anayeshinda ndani ya msitu ana shida tofauti, na wepesi wake lazima autafute kwingine.

Kwingine huko ni ndani ya kamera yenyewe.

Nyuma ya lenzi kuna kihisi, kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu ya zamani. Kihisi kikubwa kinachotumiwa na wataalamu wengi kina milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja ya filamu ya kale. Kingine cha kati kina upana wa milimita 22 hadi 24. Cha tatu, kinachotumiwa katika mfumo wa Micro Four Thirds uliotangazwa na Olympus na Panasonic mwaka wa 2008, kina milimita 17.3 kwa 13.

Hebu tuchukue ndege mwenye urefu wa sentimita 15, kama shomoro, aliyetua mita 15 kutoka kwa mpiga picha. Lenzi ya milimita 600 itamchora kwenye kihisi kwa urefu wa milimita sita, ambao ni sehemu moja kati ya sita za upana wa kihisi kikubwa. Lenzi ya milimita 300 itamchora kwa milimita tatu. Lakini kwenye kihisi cha milimita 17.3, hiyo pia ni takriban sehemu moja kati ya sita.

Picha mbili zinafanana, ila mmoja amebeba lenzi ya nusu ya urefu. Lenzi ya Olympus ya milimita 300 f/4, iliyotolewa mwaka wa 2016, ina uzito wa gramu 1,270 bila pete ya stendi.

Wauzaji hutamka kwa majivuno kwamba lenzi hiyo ni "sawa na 600 f/4". Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Ni sawa na 600 kwa jinsi inavyomkuza ndege, lakini kipenyo chake ni milimita 75, nusu ya milimita 150 za ile kubwa. Kwa jumla ya mwanga unaoijenga picha, inalingana na lenzi ya 600 yenye f/8. Kipenyo hakidanganyi, na mnunuzi akikumbuka hesabu hii moja hatababaishwa dukani.

Hata hivyo, f/8 si f/11, na kwa msitu wenye uwazi kiasi kama sehemu nyingi za Arabuko-Sokoke, hapo ndipo wepesi na mwanga hupatana kwa amani.

Kwa kihisi cha kati, kuna mseto ambao umewafaa wengi wasio na fedha nyingi: lenzi ya Canon ya milimita 100 hadi 400, iliyotolewa mwaka wa 2021, yenye gramu 635. Ikiunganishwa na kamera ya R10 yenye gramu 429 pamoja na betri, mzigo wote ni kilo moja na kidogo, na ndege huonekana kama amepigwa kwa milimita 640. Kasoro yake ni ileile: ikivutwa hadi mwisho huwa f/8, na kwenye kihisi hicho giza la msitu huishinda haraka. Kwa anayepiga picha za ndege wa ziwani na mashambani, ni vigumu kupata thamani zaidi kwa gramu chache hivyo.

Kuna pia kamera zenye lenzi isiyobanduka, ambazo huvuta umbali wa ajabu. Nikon P900 ya mwaka wa 2015, yenye gramu 899, ilitangazwa kuwa na uwezo wa milimita 2,000. Wengi waliielekeza mwezini na kushangaa.

Milimita zake halisi ni 357. Zilizobaki ni kazi ya kihisi chenye upana usiofikia milimita saba. Jua likiwaka, itamtambulisha ndege aliye ng'ambo ya bwawa, na kwa kuthibitisha rekodi hiyo ni huduma kubwa. Mawingu yakitanda, au ndege akiruka, huduma hiyo hukoma. Anayetaka picha ya kuuza au kuchapishwa kwa ukubwa asiitegemee. Anayetaka ushahidi asiidharau.

Ndege anayeruka ni mtihani wa peke yake, na hapa wepesi huwa si suala la mgongo tu bali la ustadi. Furukombe anayeshuka Ziwa Naivasha kuchukua samaki hutoa nafasi ya sekunde chache. Mashua inayumba, stendi ya miguu mitatu haifai kitu, na mwenye lenzi ya kilo tatu huwa bado anaiinua wakati ndege amekwisha kuondoka na kitoweo chake. Mwenye kilo moja na nusu hufuata kwa mikono mitupu.

Hapo muda wa tundu kufunguka unafaa uwe kama sehemu moja kwa 2,000 ya sekunde. Mtambo wa kutuliza mtikisiko, unaosifiwa sana madukani, hausaidii kitu kwa mbawa zinazopiga, kwa sababu hutuliza mkono wa mpiga picha, si ndege. Faida yake huonekana kwa ndege aliyetulia katika mwanga hafifu, kama bundi mdogo wa Sokoke anayelala mchana akijibanza tawini, mwenye urefu usiozidi sentimita 20.

Mabadiliko makubwa zaidi ya miaka ya karibuni yamo katika kulenga. Tangu mwaka wa 2020 hivi, kamera zisizo na kioo cha kupinduka ndani zimefunzwa kulitambua jicho la ndege na kuling'ang'ania hata akipita mbele ya matawi. Mpiga picha wa zamani alihitaji miaka kujifunza jambo hilo. Kwa mtu mwenye bajeti finyu, kamera mpya kiasi yenye uwezo huo pamoja na lenzi ya kawaida itampa picha nyingi nzuri kuliko kamera kuukuu yenye lenzi ya kifahari.

Ubaya wa kamera hizi ni kwamba hula betri. Kichungulio chake ni televisheni ndogo isiyozimika mtu akiendelea kutazama. Anayekwenda siku nzima mahali pasipo na umeme abebe betri mbili za akiba, na aziingize katika hesabu ya uzito pamoja na bei.

Mzigo mwingine hupunguzwa bila kununua chochote. Stendi ya miguu mitatu inaweza kuachwa. Bakora moja imara, au stendi ya mguu mmoja, hubeba uzito wa lenzi kwa dakika zile ambazo ndege amekataa kutokeza. Ndani ya gari, mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele au maharagwe na kuwekwa dirishani hushinda vyuma vingi vya bei. Husafiri ukiwa mtupu na hujazwa katika duka la mwisho kabla ya lango la mbuga, na jioni yaliyomo yanaweza kupikwa. Mshipi wa kamera nao upitishwe begani hadi kiunoni upande wa pili, kwa kuwa shingo tayari ina darubini.

La kuzingatia zaidi ni umbali wenyewe. Mpiga picha akimkaribia yule ndege wa sentimita 15 kutoka mita 15 hadi saba na nusu, ndege huongezeka urefu maradufu pichani, na eneo lake mara nne. Hakuna lenzi nyepesi inayotoa faida kama hiyo. Isitoshe, hewa ya joto juu ya ardhi hucheza kuanzia asubuhi katikati, na kule Magadi au Amboseli, picha ya ndege aliye mita 100 saa sita mchana hutoka kama iliyopigwa ndani ya maji, hata kwa lenzi ya mamilioni.

Kukaribia hakumaanishi kuvamia. Mtu akikaa kimya karibu na mti wenye matunda, kulukulu na hondohondo humjia wenyewe. Anayekatakata matawi ili kiota kionekane, au anayerudiarudia sauti ya ndege kutoka kwenye simu hadi mwenye eneo achanganyikiwe, huharibu kile alichokuja kukipiga picha, na mwongozaji ana haki ya kumzuia hata kama ndiye anayemlipa.

Wanaoanza wanaweza kujaribu kabla ya kununua. Matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya jijini Nairobi, ambayo Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mwaka wa 1971, yamekuwa mahali pa watu kutazamia ndege kwa pamoja, na katika mikusanyiko ya aina hiyo mtu huweza kuomba kuishika kamera ya mwenzake. Aishike kwa dakika 20 akiwa ameiinua usoni, si kwa dakika moja kama dukani. Mkono utamwambia ukweli.

Mwenye darubini kubwa ya jicho moja, kama waongozaji wengi wa ndege wa pwani, ana njia nyingine tena. Kishikizo kidogo huiunganisha simu na darubini hiyo, na ndege wa ufukweni anayetembea polepole hutoka vizuri ajabu. Mzigo unaoongezeka ni kishikizo chenyewe tu.

Lenzi zilizotumika nazo zisipuuzwe. Kuingia kwa kamera za kisasa kumewafanya wengi kuuza vifaa vya kizazi kilichopita, zikiwemo lenzi nyepesi zilizopendwa sana, kama Canon ya milimita 400 f/5.6 yenye gramu 1,250, ambayo haina mtambo wa kutuliza, na Nikon ya milimita 300 f/4 ya mwaka wa 2015 yenye gramu 755. Mnunuzi ahakikishe kwanza zinaingiana na kamera yake, au kwamba pete ya kuziunganisha inapatikana.

Kisha aimulike lenzi kwa tochi kutoka upande wa nyuma na kuchungulia mbele. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi nyeupe zilizotandaa kama utando wa buibui ni kuvu, ugonjwa wa vioo vilivyohifadhiwa katika unyevu, na mwenye kuishi Mombasa, Malindi au Lamu asinunue lenzi yenye dalili hiyo hata kwa nusu ya bei. Aliye nayo nzima aiweke ndani ya mkebe usiopitisha hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na baada ya kutoka Mida aifute chumvi kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi siku hiyohiyo.